Mama Anayepunga Shuka

Puto la kwanza lilipita juu ya nyumba kabla jua halijachomoza vizuri, na moto wake wa gesi ukanguruma hata bakuli zikatetemeka kwenye rafu. Mama Shuka hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja tumboni mwa bintiye, mwingine umekandamiza kitambaa kilichokwisha kulowa damu. Uchungu ulikuwa umemwanza kitindamimba wake huyo tangu jana. Sasa uchungu ulikuwa umekatika, damu ndiyo inayotoka.

"Mama, gari."

"Linakuja, mwanangu. Maputo yapite tu."

Ndiyo amri ilivyokuwa. Maputo yakiwa angani, jangwa linatakiwa liwe tupu. Wageni wametoka mbali kuja kuona mchanga, miamba na kivuli cha puto lao, si sufuria za watu. Kwa hiyo hakuna kutoka nje, hakuna kuwasha jiko, hakuna kuanika nguo, na mabati yote yamepakwa rangi ya mchanga ili kutoka juu yasionekane. Gari nalo lisiondoke, maana vumbi linaharibu picha. Siku msimamizi wa kampuni alipokuja kuwatangazia hayo, alicheka, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wakapiga makofi. Mwenyeji gani angebisha, na ardhi ilishauzwa yeye akiwa amelala juu yake?

Gari lenyewe lilikuwa moja tu, pikapu ya kampuni inayoyafuata maputo na kuwarudisha wageni kambini. Dereva wake alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa ameliegesha nyuma ya nyumba, amekaa ndani akingoja maagizo kwenye simu ya upepo. Mama Shuka alifungua dirisha la nyuma.

"Shemeji, mtoto anaisha."

Dereva alimtazama mara moja, akainua simu. "Bosi, nina mgonjwa hapa. Mjamzito, anatoka damu. Naomba nitoke sasa hivi."

Simu ilikwaruza. "Upepo umelala leo. Maputo yako juu yenu hapo hapo, ukiwasha gari wageni watakula vumbi. Subiri yatue."

"Bosi, ni mtoto wa kaka yangu."

"Na mimi nina wakubwa wangu. Mwenzako umeshamsahau?"

Hakuwa amemsahau. Mwenzake alimkimbiza babake hospitali asubuhi kama hii, na wiki haikuisha kabla hajafukuzwa kazi na kibanda chake kubomolewa kama banda la kuku. Babake alipona, hilo ni kweli. Alipona akarudi kulala nje.

"Nisamehe, shemeji," dereva alisema, akiuzungusha ufunguo mkononi.

Mama Shuka hakumtukana. Alirudi ndani, akamgusa bintiye miguu, akaikuta ya baridi. Pembeni kulikuwa na rundo la mashuka ya kambini aliyoyafua jana. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Alichomoa moja, jeupe, akatoka mbio mpaka kwenye mwinuko.

Puto la mwisho lilikuwa chini kiasi cha kumwonyesha nyuso za watu kikapuni. Wakitua, gari litaruhusiwa. Hilo tu ndilo alilolitaka. Akalizungusha shuka juu ya kichwa, akapiga kelele mpaka koo likamkwaruza.

"Tueni! Mwanangu anakufa! Tueni!"

Moto wa gesi ukanguruma, ukaimeza sauti yake. Kikapuni wakamwona, wakafurahi. Wakampungia mikono. Mwanamke mwenye kofia pana alimrushia busu, na mwanamume aliyekuwa karibu naye akainua kamera. Kisha puto likapaa.

Maputo yalipotua, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Dereva aliendesha kama kichaa, machozi yanamtoka, vumbi nyuma yake kama ukuta.

"Mtoto tumemuwahi," nesi wa hospitali alisema, mama wa mtoto hakumtaja. Mtoto alikuwa wa kike.

Baada ya matanga msimamizi alikuja, akavua viatu mlangoni kwa heshima.

"Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mjukuu alikuwa akilia njaa mapajani mwa Mama Shuka. Msimamizi akatoa simu, akamwonyesha picha: jangwa la dhahabu, na katikati yake mwanamke mdogo kama punje, shuka jeupe linapepea juu yake.

"Imependwa mno hii. Kila mgeni anamuulizia mama anayepunga."

"Sikuwa napunga."

"Najua, mama." Akatazama chini. "Najua. Lakini kule kufua tumeleta mashine, na huyu mtoto anahitaji maziwa. Utapunga asubuhi tu, tutakulipa. Amri itabaki kwa wengine, wewe utaruhusiwa kutoka."

Siku ya kwanza ya kazi alipanda mwinuko mjukuu akiwa mgongoni. Chini yake nyumba zote zilikuwa zimefungwa, hakuna moshi, hakuna mtu. Pikapu ilikuwa imezimwa palepale. Puto likaja taratibu, na mikono ikaanza kupunga kikapuni hata kabla hajalikunjua shuka.

Simu ya upepo ikakwaruza. "Mwambie apunge kwa nguvu. Kama kwenye picha."

Dereva aliizima. Lakini kulikuwa kimya, na mama alikuwa ameshasikia. Akaliinua shuka juu ya kichwa, akalizungusha kwa nguvu zake zote. Mtoto alizinduka mgongoni, akaanza kulia, na moto wa gesi ukanguruma juu yao.