Kaka Yangu Alipokuwa Mkuu wa Nchi

Kabla watu hawajamwita Mheshimiwa Jenerali, sisi nyumbani tulimwita Tarumbeta. Sauti hiyo! Akipiga chafya chumbani kwake, jirani wa nyumba ya tatu anamwambia pole. Mimi na yeye tuliachiana ziwa, kwa hiyo masikio yangu yalianza kuteseka mapema.

Jeshini alikwenda baada ya kufukuzwa kwenye karakana ya seremala. Fundi alisema kijana anapiga misumari kama anayeiadhibu. Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa mpiga chapa, yule ambaye baadaye alinioa. Kaka akija likizo, wawili hao walikaa barazani hadi jua lizame, mmoja akisugua buti, mwingine akisugua wino kwenye vidole, wakibishana mpaka Mama awatishie ufagio. Jioni zile, hata leo nikizikumbuka natabasamu peke yangu.

Vita vya mpakani ndivyo vilivyompandisha. Kikosi chake kilitawanyika kwenye ukungu, ng'ambo ya mto, na maofisa walikuwa wameuawa. Yeye, sajini tu, alisimama darajani akaita mmoja mmoja kwa jina hadi wakajikusanya na kuvuka, majeruhi wakiwa mgongoni. Akapelekwa chuo cha maofisa. Nyota mabegani zikaongezeka.

Miaka ikapita, serikali ikaoza. Asubuhi moja Mama alikuwa anapiga pasi, redio ikakatiza muziki.

"Huyu si mwanangu?" Mama akauliza. "Anafanya nini humo?"

Alikuwa anatangaza kwamba jeshi limeshika nchi. "Kwa mwaka mmoja tu," alisema, "kisha tunarudi kambini."

Watu walicheza barabarani, na mume wangu akiwemo. Mwaka huo ulikuwa mtamu kweli. Makarani walifika kazini mapema, taa za mitaani ziliwaka, na Jumapili kaka alikuja kula kwetu. Walinzi walijaa uani, lakini mlangoni Mama alimwambia, "Kofia ya serikali iache nje." Naye aliivua, akaingia kuosha mikono kama sisi wengine.

Mwaka ukaisha. Ukaja wa pili, na wa tatu. Mume wangu akachapa karatasi yenye mstari mmoja, akaibandika kwenye mlango wa duka lake: "Mwaka ulikwisha. Ahadi ni deni." Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wameshamchukua.

Mama alivaa viatu vyake vya kutokea, tukaenda Ikulu. Kaka alitupokea katika chumba kikubwa chenye viti visivyokaliwa.

"Mama, ungesema, ningetuma gari."

"Sikuja kutembea. Namtaka mkwe wangu."

"Amenivunjia heshima mbele ya nchi."

"Amerudia maneno yako. Au yalikuwa ya nani?"

Kaka akageukia dirisha. Aliposema tena, kwa mara ya kwanza maishani nilisogea ili nimsikie. "Nikishuka hapa, Mama, hawa walio nyuma yangu wataniua."

Mama akamwendea. Akamnyooshea ukosi wa shati, tukaondoka.

Jioni ile mume wangu alirudi, amekonda uso, lakini mzima. Kaka hakuja tena Jumapili. Tulimwekea sahani wiki nyingi, kisha tukaacha.

Hatimaye maofisa wake mwenyewe walimpindua. Hawakumuua, walimfungia kwenye nyumba ya mbali, miaka mingi. Mama alifariki kaka akiwa bado huko, wakamkatalia kuja kumzika. Siku walipomwachia, niliogopa kwenda. Mume wangu akawasha gari bila kuniuliza, nikapanda.

Tulimkuta amesimama getini na mfuko mdogo, mzee, suruali imempwaya.

"Shemeji," akasema, "ulinisamehe lini?"

"Sijakusamehe," mume wangu akamjibu. "Nimekuja kukuchukua. Ingia, jua kali."

Njiani aliomba tupitie kaburini kwa Mama. Alikaa chini, kwenye vumbi, akalia kama mtoto, na mume wangu akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Aliishi nasi hadi alipokufa. Alipanda mboga nyuma ya jiko, akagombana na kuku wa jirani, akapokea salamu za waliompenda na matusi ya walioumia, bila kumjibu mtu vibaya. Wageni wakija huniuliza kuhusu Ikulu. Mimi hukumbuka zaidi asubuhi zile za mboga, mikono yake ikiwa na udongo, akiniuliza kama chai imeiva.