Mikono Mitatu ya Tata Polycarpe

Naomie Kalombo alikuwa na studio ndogo ya picha karibu na soko la Kolwezi, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa vichwa. Vichwa vya pasipoti, vichwa vya kadi za shule, vichwa vya vijana wanaotafuta kazi migodini, kila kimoja na pazia jeupe nyuma yake. Alikuwa amechoka na vichwa. Ndiyo maana alipokuta kwenye simu yake video ya Mfaransa mmoja akieleza namna ya kupiga picha ambamo chumba chenye giza na jua la nje vinaonekana pamoja, aliitazama mpaka betri ikaisha.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulielewa. Jicho la mtu huona ndani ya nyumba na nje ya dirisha kwa wakati mmoja, kamera haiwezi. Ukiipimia mwanga wa ndani, dirisha linaungua, linakuwa jeupe kama shuka. Ukiipimia mwanga wa nje, walio ndani wanageuka makaa. Basi unaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu isitikisike, unapiga picha tatu za kitu kilekile, moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga mwingi, kisha kompyuta inachukua kilicho kizuri katika kila moja na kuviunganisha. Wenyewe wanaiita HDR, na kwa Kifaransa herufi hizo husomwa ashi-de-eri.

Alianzia kwa mama yake mdogo, Mama Ndaya, aliyeishi mtaa wa Kapata katika mojawapo ya nyumba za safu zilizojengwa na kampuni ya madini. Alimkalisha sebuleni, dirisha wazi, akapiga. Kwenye kompyuta, kwa furaha ya mgeni wa jambo, alivuta kila kipimo cha rangi na mwanga mpaka mwisho.

"Ashi-de-eri," Mama Ndaya alirudia, ameishika ile picha kwa ncha za vidole. "Ni jina ya foto ao ni jina ya dawa ya minyoo?"

"Ni foto, mama."

"Bon. Na ukuta yangu iligeuka kijani ya malachite, ile jiwe ya shaba, tangu lini? Usionyeshe hii bachimbaji ba Kasulo, batakuja kesho na majembe." Akaisogeza karibu na macho. "Na huyu mama mwenye kuikala mu kiti, nani alimupaka mafuta ya motokari?"

Naomie alicheka, lakini alirudi studio ameumia kidogo. Akajifunza kuvuta na kuachia. Wingu likiota mzingo mweupe pembeni, amezidisha, anarudi nyuma. Alipompelekea Mama Ndaya picha nyingine, mama huyo aliisogeza karibu na macho, kisha akasema, "Hii sasa ni nyumba yangu." Na palepale akamtia mashakani: "Utakuja kupiga foto kwaya yetu."

Kwaya ya parokia iliongozwa na Tata, yaani Baba, Polycarpe, karani mstaafu, mtu aliyewahi kuusimamisha wimbo wa Gloria katikati kwa sababu mwimbaji mmoja alijikuna sikio. Waliimba chini ya dirisha kubwa la vioo vya rangi, na kila mpiga picha aliyewahi kuja aliliunguza dirisha au aliwafanya waimbaji makaa. Tata Polycarpe, kwa kuwa ndiye aliyesimama katikati, vioo vikiwaka nyuma yake, katika picha zote hizo alikuwa kivuli chenye tai.

"Mutoto," alimuuliza Naomie baada ya misa, "hii mashine yako itatuonyesha bote? Na dirisha?"

"Ndiyo, tata. Lakini mutu asitikisike. Hata kidogo."

Tata Polycarpe aliigeukia kwaya kama mtu aliyeingoja sentensi hiyo maisha yake yote. "Mumesikia? Hata kidogo! Mwenye kutikisika, mi nitamuona."

"Utamuona namna gani na utakuwa unaangalia kamera, unatupa mugongo?" Mama Ndaya aliuliza kutoka safu ya alto.

"Nitasikia."

Walisimama kama nguzo za sementi. Kamera ikalia mara tatu, kazi ikaisha.

Studio, Naomie aliziunganisha zile picha na moyo wake ukaruka. Dirisha lilikuwepo, kioo kwa kioo, bluu na nyekundu. Vitenge vya akina mama vilionekana ua kwa ua. Nyuso zilikuwa nyuso. Na katikati alisimama Tata Polycarpe mwenye mikono mitatu ya kulia, imetandazwa kama mapanga ya feni. Naomie akafungua zile picha moja moja. Katika ya kwanza mkono ulikuwa kiunoni, katika ya pili kifuani, katika ya tatu juu. Alikuwa anaongoza wimbo ambao hakuna aliyeuimba.

Hakuthubutu kumwambia peke yake. Akamwita Mama Ndaya, ambaye alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mikono tatu! Na ile moja tu ilikuwa inatusumbua ya kutosha."

Walipomwonyesha, Tata Polycarpe alivaa miwani, akaitazama picha, akavua miwani. "Mashine iko na shida."

"Tata, bengine bote beko muzuri."

"Ni vile tu. Inaharibika ikifika kwa mukubwa."

Wakarudia Jumapili iliyofuata. Safari hii aliifunga mikono nyuma, na mikono kweli ilitulia. Lakini kichwa kilitoka na masikio manne.

"Polycarpe," Mama Ndaya alisema, "sema kweli. Ulikuwa unaimba wimbo gani mu kichwa?"

Mzee aliinyoosha tai yake. "Ile ya Pasaka."

"Shiye tuko kimya, na weye unaimba?"

"Mi siwezi ile kimya yenu," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya bwana wa kwaya. "Mukisimama mbele yangu, muko munaimba. Mukinyamaza, naona ni kama kuna mutu amekufa."

Naomie hakucheka. Alirudi kwenye kompyuta, akatafuta, akagundua kwamba unaweza kuiambia: hapa kuna kitu kinachotembea, kichukue katika picha moja tu. Akaichagua ile ya kati ya Jumapili ya kwanza, yenye mkono kifuani. Dirisha na waimbaji wakachukuliwa kutoka picha zote tatu. Mzee akachukuliwa kutoka moja tu. Mipaka ya kumzunguka mzee ilimtesa Naomie, lakini mwishowe ikalainika. Akaichapisha kubwa na kuipeleka kwenye mazoezi.

Tata Polycarpe alivaa miwani, akaitazama.

"Na huyu muzee ni nani?"

Walitaka kucheka, kisha wakaona kwamba anauliza kweli. Miaka yote hiyo ya kuwa kivuli, hakuna picha iliyomwonyesha jinsi nywele zilivyokuwa nyeupe wala mashavu yalivyoshuka.

"Ni weye, tata," Mama Ndaya alisema taratibu. "Shiye tunamuona kila siku ya Mungu."

"Alifika wakati gani?"

"Polepole. Tulimuzoea."

Mzee alikohoa. "Mutoto, ile giza ya zamani, unaweza kurudisha kidogo? Hapa tu, ku nywele."

"Naweza, tata."

"Hapana!" Safu nzima ya alto ilipiga kelele. "Tulikuwa makaa sababu ya dirisha," alisema Mama Ndaya, "leo turudi makaa sababu ya imvi zako?"

Hapo Tata Polycarpe akacheka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona katika mazoezi, na picha ikatundikwa.

Jumapili Naomie alikwenda misani bila kamera. Kwaya ilisimama, Tata Polycarpe akapanda mbele, na nywele zake zilikuwa zimepakwa rangi nyeusi iliyokwisha kuchafua kola, zinang'aa kama viatu vya harusi. Akainua mkono. Alto hawakuingia. Akainua tena, hata tenori hawakuingia. Mabega yote yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na padri alijifanya anatafuta ukurasa.

Walipotoka, mawingu mazito ya mvua ya Novemba yalikuwa yanakusanyika upande wa Lubudi. Mama Ndaya alimshika Naomie mkono, akamvuta chini ya ukingo wa paa.

"Usiende mbio," alimnong'oneza. "Tata hakuleta mwamvuli."