Maswali Matatu kwa Siku

Dobi alikuwa amezoea kuzungumza na kola za mashati ya watu. Kola hazijibu, na yeye hakuzilaumu. Tangu mumewe afariki na wanawe kila mmoja ashike njia yake, chumba chake kilibaki na sauti ya pasi tu. Ndipo muuguzi akahamia chumba cha pili na binti yake wa miaka sita, ambaye dobi alimbandika jina la Hakimu.

Kila alasiri, mama yake akiwa bado kazini, Hakimu alikuja, akaketi juu ya furushi la nguo chafu na kuanza kesi. Suruali ikipigwa pasi inasikia moto? Dobi wa kwanza duniani alifuliwa nguo na nani? Siku moja aliuliza mikunjo ikitoka kwenye nguo inakwenda wapi, na kabla hajajibiwa akamkazia dobi macho usoni, akasema, "Basi, nimeshaona." Dobi alicheka hadi akaunguza mkono wa shati la mtu.

Jioni ile alikutana na muuguzi kwenye korido, akamtania kwamba mwanawe ana maswali kuliko polisi, amemmaliza kabisa. Ulikuwa mzaha tu, wa mtu anayejisifia mgeni wake. Lakini ulimi hauna mfupa.

Kesho yake Hakimu alitoa shikamoo, kisha akakaa kimya, mikono magotini. Alipobanwa alieleza kwamba mama amempa maswali matatu tu kwa siku, asimchoshe bibi. Mawili ameyamaliza shuleni, na la tatu hawezi kulipoteza kwa kuuliza habari za kutwa. Akalibana mpaka akaondoka nalo.

Siku nne zikapita hivyo. Dobi alinyoosha hata vitambaa vya jikoni ambavyo hakuna aliyemwagiza. Alikuwa mpweke, na sasa alijua. Akawaza kumwendea muuguzi, akaona haya: mtu mzima aende kuomba kuulizwa maswali? Siku ya tano alichukua sare ya muuguzi aliyokwisha kuipiga pasi, ikawa ndiyo kisingizio, akabisha hodi.

"Mwanangu, mwache mtoto aniulize," alisema. "Nilikuwa natania. Hakuna mtu mwingine anayeniuliza kitu."

Muuguzi alipokea sare. Nyuma yake Hakimu alisimama ameziba mdomo kwa viganja viwili, maana maswali ya siku ile alikuwa ameyamaliza yote. Muuguzi akamtazama jirani yake toka utosini hadi unyayoni, akamwuliza taratibu, "Mama, leo umekula?"

Dobi, aliyekuwa na jibu hata la moto wa suruali, alijaribu kukumbuka ni nani aliyemwuliza hivyo mara ya mwisho. Hakukumbuka.

"Bado," alisema.