Alama ya Buibui

Asubuhi mwanga huingia jikoni kwetu bila kubisha hodi. Hupita kwenye mlango wako wa kioo, hulala sakafuni, nami hufagia vumbi lililo juu yake kana kwamba naufagia wenyewe. Mwanga haujigongi popote, mume wangu. Wanaojigonga ni sisi wenye mapaji ya nyuso.

Wewe ni fundi vioo, na kwenye kioo hakuna wa kukufundisha. Kila kioo kipya unachofunga, madukani, maofisini, kwenye nyumba za watu wenye haraka zao, huondoki kabla hujachovya vidole kwenye kopo la chokaa ukachora mistari miwili iliyokatana, mtu asije akadhani ni uwazi. Hata hapa kwetu ulichora. Nilikuona. Ulisimama wima, ukachora mbele ya macho yako. Macho yako, mume wangu, na wewe ni mrefu.

Binti yetu akapita chini ya alama. Ulikuwa nje, umerudi kutoka kazini, umemkunjulia mikono, naye akatoka mbio jikoni kukupokea. Kioo kilibaki kizima. Paji la uso wake ndilo lililopasuka.

Jeraha lilipona. Likabaki kovu dogo juu ya nyusi, akawa anawaonyesha wageni kwa majivuno. Usiyepona ukawa wewe. Hukumbeba tena. Akija, unatafuta cha kushika, kikombe, redio, msumari, ilimradi mikono isiwe mitupu. Na yeye, mtoto wa watu, akaanza kuja mara chache. Hilo ndilo lililoniuma, mume wangu. Niliogopa atazoea.

Kisha buibui akahamia kwetu. Nje ya mlango, kati ya pipa la maji na nguzo ya kamba ya nguo, jike mnene mwenye mistari ya njano mgongoni alitanda utando wa duara. Na katikati, pale anapokaa, akashona kwa hariri nyeupe mistari miwili iliyokatana, ya zigizaga, akaipanga miguu yake miwili miwili juu yake. Nilicheka peke yangu, ndoo mkononi. Nikasema, haya, huyu naye fundi vioo.

Lakini kwa nini apambe? Mwenye mtego huuficha, na huyu anautangaza. Nilimuuliza kaka yangu mwalimu, na ukimuuliza kaka yangu jambo moja, tafuta kiti kwanza.

"Wataalamu wenyewe hawajaelewana, dada," alisema. "Wapo wanaosema anawaonya ndege wasipite katikati wakamwachia matambara. Wapo wanaosema ule weupe unawavuta wadudu, wanadhani ni ua. Wengine wanasema anajifanya mkubwa ili adui amwogope."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema chai imepoa."

Nimeliwaza jambo hili kuliko nilivyotarajia kumuwaza mdudu. Weupe uleule, mmoja anaambiwa pita mbali, mwingine anaambiwa njoo. Sijui yeye mwenyewe anasema na nani. Ninachojua ni kwamba hajichorei mwenyewe. Utando wake anaujua kwa miguu, hata gizani. Kama ile alama ina kazi, basi ni kwa macho ya mwingine.

Nawe ulichora, mume wangu. Sikulaumu, nimekwambia na nitakwambia tena, sikulaumu. Ulichora kama mafundi wote wanavyochora, penye macho ya mchoraji.

Leo umetoka nje kunawa uso, ukamkuta binti yetu amechuchumaa mbele ya pipa, pua yake karibu iguse utando. Ulipokuwa umesimama hukuona anachoangalia. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya kioo, mlango uko wazi kidogo. Nikakuona ukiinama, ukainama tena, mwishowe ukapiga magoti.

"Baba, mbona amechora chini hivi?"

 

"Kwa sababu wanaopita kwake wanapita chini."

"Kama mimi?"

"Kama wewe, mama."

Ukaenda kuchukua kopo la chokaa. Ukapiga magoti tena, safari hii mbele ya mlango, ukamwita. Ukapima kimo chake kwa kiganja, na kiganja kikatua juu ya kovu, kikakaa. Sijui ulikuwa unapima nini muda wote ule. Kisha ukamwambia aingie ndani kwangu, ukavuta mlango, ukachora kwa mikono yote miwili, polepole, chini kwenye kioo kuliko ulivyowahi kuchora popote.

"Alama unaiona?" ukauliza kutoka upande wa pili.

Akasogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Nakuona wewe," akasema.

Nikafungua mlango, akakurukia. Chokaa ilikuwa imekujaa mikononi, huna pa kuifuta, huna cha kushika. Ukambeba, mume wangu. Ukambeba mpaka yeye mwenyewe akaomba kushushwa. Gauni lake lina vidole vyako vyeupe mgongoni, na kesho ni siku ya kufua, nami silifui.