Samaki Wanaokula Majani

Baba yangu, mzee Ntirenganya, alichunga ng'ombe Masisi tangu utotoni, na maisha yake yote hakuwahi kutia samaki mdomoni. Kwao samaki alihesabiwa pamoja na vyura. Basi nilipomwona ameketi mbele ya nyumba yetu hapa Goma, anafunga ndoano kwenye uzi wa nailoni, sikujua nicheke au nisali.

Chanzo kilikuwa maneno ya mume wangu, Adalbert. Baba alifika kwetu bila ng'ombe hata mmoja, na fimbo yake tu mkononi. Hakuwa mgonjwa wala hakulalamika. Lakini kila nilipomwekea chakula alikula nusu, akasukuma sahani, akasema, "Mutu asiyeleta kitu kwenye sufuria ni mugeni. Na mugeni anarudiaka kwake."

Kwake kulikuwa kilimani Masisi, penye nyumba iliyochomwa vitani, na barabara ya huko ilikuwa haijatulia. Jirani yetu Théoneste, dereva wa kamyo la mizigo, alikuwa apande huko Jumatatu. Baba alikuwa amekwisha kumwomba nafasi.

"Papa," Adalbert akamwambia tukiwa tunakula, kwa mzaha tu, maana yeye humtania kila mtu, "kama ni kuleta kitu, ziwa si lile pale? Nenda ukavue."

Baba hakucheka. Akasema, "Sawa. Nikitia samaki kwenye sufuria hii mbele ya siku ya Mungu kufika, ninabaki. Nikikosa, Jumatatu ninapanda."

Nilipopiga magoti sikujua niombe nini. Kumwomba Mungu samaki mmoja kulionekana jambo dogo mno. Kumwomba baba asirudi kwenye hatari kulikuwa jambo kubwa mno. Na sasa mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, nami sikujua nianzie upande gani.

Shida ya kwanza ilikuwa chambo. Adalbert alisema ni minyoo, hakuna kingine. Alikulia Butembo, ambako ukichimba kidogo unapata udongo mwekundu na minyoo minene. Akaazima jembe, akalinyanyua nyuma ya nyumba, akapiga. Moto ukaruka. Alikuwa amesahau kwamba tunakaa juu ya mawe ya volkano.

"Ni minyoo gani itakaa humu?" Baba akauliza. "Yenye meno ya chuma?"

Nikampeleka Kituku, soko la ufukweni, kwa Mama Kahindo, anayeniuzia sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Alisema fufu, ugali wetu wa muhogo, lakini fufu ngumu, iliyofinyangwa kama punje ya mahindi. Mwanamume mmoja aliyekuwa anatengeneza wavu karibu naye akasema fufu ni ya watoto, sabuni ndiyo inayovuta. Baba, ambaye hakuwa na sababu ya kumwamini mmoja kuliko mwingine, akajaribu vyote. Fufu ikayeyuka. Sabuni ikatoa povu.

"Muzee!" Mama Kahindo akamwita kutoka mezani pake. "Unavua ao unatuoshea ziwa?"

Kesho yake Baba aliniomba chumvi. "Ng'ombe hata akiwa mbali," akanieleza, "ukimuonyesha chumvi anakuja." Akaifunga kwenye kitambaa kidogo, akaitundika kwenye ndoano, akaitumbukiza majini. Nilikaa kando yake nikimtazama akingojea, naye alingoja vizuri sana, kama mtu anayejua kungoja.

Jioni Adalbert alirudi na kitu mfukoni. Alikuwa anatengeneza milango ya nyumba moja mtaa wa Himbi ambayo wapangaji wake wameondoka, na mlinzi akampa vitu walivyoviacha. Kilikuwa samaki wa plastiki, mgongo mwekundu, tumbo la fedha, macho ya kioo, na ndoano zinaning'inia chini yake. Kizuri kuliko samaki wa kweli.

Baba akakigeuza kiganjani. "Hiki kinaliwa?"

"Hapana, Papa. Kinadanganya. Samaki mukubwa anafikiri ni samaki mudogo."

"Na akikiuma anapata nini?"

"Anapata ndoano."

"Mie sijawahi kuita ng'ombe kwa mukono mutupu," Baba akasema. "Ukimudanganya leo, kesho hakuji."

"Lakini Papa, huyu kesho yake iko kwenye sufuria!"

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Baba alikitundika kile kitu kwenye msumari wa mlangoni na hakukigusa tena. Nami nilipoacha kucheka nilibaki na swali. Akila fufu samaki anakufa, akiuma plastiki anakufa. Tofauti iko wapi? Nilikumbuka mahubiri juu ya mtume aliyeagizwa atupe ndoano ziwani. Siku ile nilitega sikio nisikie alitia nini kwenye ndoano hiyo. Padri hakusema.

Jumamosi ilifika na hatukuwa na samaki. Asubuhi nilikwenda peke yangu kwa Mama Kahindo, nikanunua tilapia mmoja mzuri, nikamweleza kwa nini. Akapiga makofi.

"Sasa, Mama Léoncie, muzee anasali Malaika wa Bwana saa sita, si ndiyo? Na anafunga macho?"

"Anafunga."

"Basi! Kengele ikilia, weye tia samaki kwenye ndoano. Mungu atakusamehe. Ni baba yako."

Nilimweka yule samaki ndani ya beseni, nikamfunika kwa kitenge. Njia nzima niliomba msamaha kwa jambo ambalo sijalifanya bado, na ambalo nilikuwa naenda kulifanya.

Nilimkuta Baba mwisho wa Kituku, penye mawe meusi, amelala kifudifudi, uso karibu na maji.

"Baba! Unaumwa?"

"Nyamaza. Wanakula."

Nikainama. Maji yalikuwa maangavu. Chini yake tilapia walipita juu ya mawe polepole, vichwa chini, wakivuta kwa midomo ule utelezi wa kijani unaoota huko. Mmoja alitangulia, wengine wakafuata.

"Ni ng'ombe," Baba akanong'ona. "Watu wote wananiambia minyoo, fufu, sabuni. Hakuna aliyeniambia kama wako kwenye malisho."

Alikuwa amekwangua utelezi ule, ndiyo majani yao, kwenye jiwe na kuuzungusha kwenye ndoano. Uzi ulikuwa tayari majini.

Kengele ya saa sita ikalia. Baba akasimama, akanipa uzi niushike, akavua kofia, akafumba macho, akaanza. Mimi niliitikia kwa mdomo, huku mkono mmoja ukifunua beseni. Moyo wangu haukuwa upande wowote. Nilimshika yule tilapia wa Mama Kahindo, nikavuta uzi ili nimtundike, na uzi ukakataa. Nikadhani umenasa kwenye jiwe. Nikavuta tena, nao ukanivuta.

Nilipiga kelele katikati ya sala.

Baba alipofumbua macho, mkono wangu wa kulia ulikuwa na samaki mdogo kama kiganja, anarukaruka mwisho wa uzi. Wa kushoto ulikuwa na samaki mkubwa, ngozi imekauka, ametulia.

Akamtazama huyu, akamtazama yule. Mtu aliyekagua ng'ombe miaka yote ile hadanganyiki.

"Huyu mukubwa amekufa tangu asubuhi."

"Ndiyo, Baba."

"Alikuwa aingie kwenye ndoano yangu?"

"Ndiyo, Baba."

Akafumba macho tena. "Tumalize sala," akasema. Tukaimaliza.

Alitangulia kurudi nyumbani na samaki wake, mimi nyuma na wangu. Sikujua kama yule mdogo alihesabika. Majani yalikuwa ya Baba, lakini mkono uliovuta ulikuwa wangu, na ulivuta kwa nia mbaya. Niliwapika wote wawili katika sufuria moja. Baba aliomba yule mdogo. Adalbert alimwonyesha namna ya kutoa mifupa. Akala polepole, uso umekunjamana, mpaka mkiani. Yule mkubwa hakumgusa. Juu ya Jumatatu hakusema neno, nami niliogopa kuuliza. Jumapili kanisani nilichanganya shukrani na toba, sikujua nimeanza na ipi.

Jumatatu asubuhi Théoneste akapiga honi mbele ya nyumba. Baba hakuwemo. Fimbo haikuwapo. Mfuko wake wa nguo ulikuwa bado nyuma ya mlango.

"Muzee iko wapi?" Théoneste akauliza. "Tunaenda ao hatuendi?"

"Sijui," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Nikakimbia ziwani.

Alikuwa kifudifudi juu ya jiwe lile lile, fimbo ubavuni.

"Baba, kamyo imefika."

"Iende."

"Kwa hiyo samaki yule alihesabika?"

Hakugeuka. "Léoncie," akasema, "siku nyingine ukitaka nibaki, uniambie."

Nilisimama pale. Nilikuwa nimemwambia Mungu, asubuhi na jioni. Nilikuwa nimemwambia Mama Kahindo sokoni, watu wakisikia. Nikatafuta kichwani siku niliyomwambia yeye mwenyewe, nikaikosa.

"Baki, Baba," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Chini ya maji samaki wote wakatawanyika.

"Ona sasa," Baba akasema. "Kaa chini tuwangoje warudi."