Mkaa wa Shingo Nyembamba

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, siku wakubwa wa kiwanda walipobadilisha mkaa wa kwenye barakoa za wapiga rangi. Mke wangu alikuwa mpiga rangi. Jioni alisema mkaa mpya unanasa mvuke wa rangi kuliko ule wa zamani, nikamjibu kumbe wakubwa nao siku moja moja hufanya la maana. Tukacheka.

Mkaa ukishashiba mvuke hupashwa moto ili uuteme, kisha unarudi kazini. Wapiga rangi waliita kuutapisha. Huu mpya wakautapisha vilevile, kwa moto uleule mdogo. Wangejali nini? Wakubwa hawavai barakoa. Mke wangu akaanza kukohoa, na kikohozi hicho ndicho kilichomwondoa.

Binti yetu sasa yuko maabara, anapima mikaa inavyomeza gesi na inavyoitoa. Juzi alikuja, akaketi nami jikoni, akanieleza polepole kama anayemlisha mtoto. Mkaa una vitundu visivyoonekana. Vingine vina umbo la kikombe: gesi huingia na kutoka bila taabu. Vingine ni kama mtungi, tumbo pana, shingo nyembamba. Hivi vya mtungi kujaa hujaa, ila kutoa ni shughuli. Moto mdogo hauvifanyi kitu, na mkaa ule mpya ulikuwa wa vitundu hivyo.

"Basi ni marehemu mama yako huyo," nikasema. "Neno ukimwambia, kalimeza. Sasa lingoje litoke."

"Afadhali yeye, baba. Wewe hata shingo huna, umeziba kabisa."

Nilicheka, jambo ambalo nyumba hii ilikuwa imelisahau.

Ndipo akaiomba barakoa ya mwisho ya mama yake, niliyokuwa nimeitunza. Akiuchoma ule mkaa kwa moto mkali mpaka uteme kila kitu, itajulikana kama mama yake alivalishwa mkaa uliokwisha kujaa, na wakubwa watakosa pa kujificha. Siku hiyo nimeingoja kwa hasira miaka yote.

Nikaitoa kabatini. Imo kwenye mfuko uleule aliouacha mwenyewe, pamoja na kitambaa chake cha kichwa. Nikamwambia binti kwamba kitambaa kile zamani kilinukia mafuta ya nywele ya mama yake, nami nilikuwa nakinusa. Siku hizi hakina kitu. Nilidhani ni pua yangu imezeeka.

Akakipeleka puani. Kisha akanishika kiganja.

"Mkaa hauchagui, baba. Umeinywa na harufu ya mama."

Kumbe mke wangu hakuwa amepotea, amehamia tu ndani ya mkaa, kakaa chumba kimoja na uchafu wa wakubwa. Nikausukuma mfuko upande wake, lakini vidole vyangu vikakataa kuuachia.

"Chukua, mwanangu. Ila moto ukishawatoa wote pamoja, wa kwetu tutamshika vipi?"