Nusu ya Ndevu

Mimi ni kinyozi, na kosa nililomfanyia mwanangu lisingefanywa na mtu wa kazi nyingine. Mwashi angemfokea, mwalimu angemhubiria. Mimi nilimnyoa amelala.

Alikuwa na miaka kumi na minane, kifungua mimba wetu, na ndevu zilikuwa zimeanza kumtoka ovyo, hapa kichaka, pale kiwanja. Kila nikishika wembe ananikwepa. Wateja nao hawana haya: "Kinyozi, kijana wako anafuga beberu kidevuni?" Nilicheka nao kwa meno tu. Tangu azaliwe, kichwa chake hakikuwahi kuguswa na kinyozi mwingine, na kila nilipomnyoa nilimsimulia hadithi ya mtu wa mwitu, ile aliyonisimulia mama yangu. Mtu wa mwitu ana nywele mpaka magotini, amekaa kwenye chemchemi, na watu wanaogopa kuteka maji. Kijana mmoja anapewa wembe. Anamvizia amelala, anamnyoa chapuchapu, anamleta mjini mpole kama kondoo. Siku hiyo kijana anaitwa mwanamume. Niliipenda mno hadithi hiyo, maana shujaa wake ni kinyozi.

Basi mchana mmoja wa joto mwanangu akasinzia kwenye kiti changu cha kazi. Nikampaka povu polepole. Shavu la kulia lilikuwa limekwisha alipofumbua macho. Alijitazama kwenye kioo, akajifuta povu, akatoka na nusu ya ndevu zake. Hakurudi siku ile, wala wiki ile.

Simu yake ilizimwa. Mke wangu alinipakulia chakula lakini hakunisemesha. Nikawa siwezi kujitazama kwenye kioo, kwa hiyo hata ndevu zangu nikaziacha zijiotee. Watoto wa jirani wakaanza kunipita mbio. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba nimempoteza mwanangu kwa dakika mbili za ubishi.

Asubuhi ya siku ya ishirini mama yangu aliingia dukani, akaketi kwenye benchi ya wateja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko kwangu, na anakula kuliko wewe."

Nilishusha pumzi, nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha kunyolea. Kisha hasira zikanipanda.

"Siku ishirini, mama! Kweli hukuona uniambie?"

"Alimwambia mama yake, akaniambia mimi, akatuomba tusikwambie wewe. Hebu nikuulize. Ile hadithi ya mtu wa mwitu, wewe ulimsimulia inaishaje?"

Nikamweleza. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe! Kila siku ulikuwa unalala kijana akifika tu kwenye chemchemi. Huo mwisho umejitungia mwenyewe!"

Nilitamani nibishe, ila nitabishana vipi na mwenye hadithi yake?

"Kijana anamkuta amelala," mama akasema, "anakaa na wembe wake, anatetemeka, anasubiri mpaka aamke. Halafu anamuuliza: nikunyoe? Mtu wa mwitu anacheka. Anasema, wanaume saba wazima wamenijia na wembe, hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Sitaki kunyolewa, ila lete mtungi wako. Wanateka maji pamoja. Kijana anarudi na maji kichwani, na hapo ndipo anaitwa mwanamume."

"Kwa hiyo hakumnyoa?"

"Hakumnyoa." Akageukia mlangoni. "Mume wangu, ingia! Jua litakuua huko."

Mjukuu wake akaingia. Ndevu za kushoto zilikuwa ndefu kuliko za kulia. Vidole viliniwasha nizisawazishe, nikavikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Nilikosa."

Aliutazama uso wangu, ule msitu wa siku ishirini, na midomo ikaanza kumcheza.

"Ndiyo maana wanasema kinyozi hajinyoi," akasema. Akachukua kitambaa msumarini, akakikung'uta kama nilivyomfundisha. "Nimekusamehe, baba. Nikunyoe?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Baba yangu, naye kinyozi, alikuwa ananishika sikio na kuanza. Machozi yalinitoka mbele ya mama yangu na wala sikuyaficha.

"Ninyoe," nikasema.

Nikaegemea, nikafumba macho. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, wembe haukukwama popote. Alimaliza shavu la kulia, akalipangusa. Kisha nikasikia wembe ukiwekwa mezani, na hatua zake zikirudi nyuma.

Nikafumbua macho. Kwenye kioo palikuwa na mzee mwenye nusu ya ndevu, na nyuma yake mwanangu amekunja mikono.

"Niendelee," akauliza, "au utatoka hivyohivyo?"

Mama alikuwa ameshaanza kucheka kwenye benchi. Nikamwomba mwanangu aendelee, tafadhali.